Usiiwashe Kwanza

Maji matupu hayaui kompyuta. Mazabodi iliyokatiwa umeme na kutolewa betri yake inaweza kuoshwa kwa maji yaliyokenekwa, ikakaushwa, ikarudi kazini bila kinyongo. Viwandani bodi nyingi huoshwa hivyo baada ya kulehemiwa. Kinachoua ni vitu viwili vinavyofuatana na maji: chumvi na sukari zilizoyeyuka ndani yake, na umeme unaokuta njia ambayo jana haikuwapo. Umeme huo, mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri, tunauleta sisi wenyewe kwa kidole, pale tunapobonyeza kitufe kutazama kama mashine bado ni nzima.

Mbamba Bay ni mahali pazuri pa kulifikiria jambo hili, maana maji yako kila upande wa mawazo. Mji umekaa ndani ya ghuba, milima ya Mbinga iko mgongoni, na mbele ni Ziwa Nyasa lenye kina cha karibu mita 700. Ziwa hili hupoteza maji mengi zaidi kwa mvuke kuliko yale yanayotoka kwa Mto Shire huko kusini, na mvuke huo hauendi mbali kabla haujaingia kwenye nyumba zetu, kwenye unga wa chumvi, kwenye karatasi za printa zinazojikunja, na kwenye kompyuta. Lakini ukiniuliza niogope nini, sitakutajia ziwa. Maji yake ni baridi, chumvi yake ni haba, hayafikii hata kwa mbali maji ya Bahari ya Hindi pale Mtwara. Mvua inayopenya kwenye tundu la bati na kudondokea boksi la sipiyu nayo ina madhara madogo kuliko sura yake, ukiondoa vumbi inalolichukua juu ya paa. Niogopeshe kwa chai.

Chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari ni adui kamili. Maji yake hukauka, lakini sukari hubaki ikinata, na sukari iliyonata huvuta unyevu wa hewa kila jioni. Mafuta ya maziwa hushika vumbi. Soda nyeusi huongeza asidi ya fosfori juu ya sukari. Huko juu Mbinga, Wamatengo wanalima kahawa ya arabika inayosafiri mpaka meza za watu wasiojua Ruvuma iko wapi, na sisi wenye kahawa yetu tumeng'ang'ania chai ya maziwa ofisini. Laiti tungekuwa tunakunywa kahawa chungu, mafundi kompyuta wa Mbinga na Songea wangekosa nusu ya kazi zao.

Sasa mtazame mtu aliyemwaga kikombe. Nimewatazama wengi, na karibu wote hufanya mambo kwa mpangilio mmoja. Kwanza anaokoa karatasi. Pili anauliza nani aliweka kikombe pale, hata kama ni cha kwake. Tatu anatafuta kitambaa, anafuta meza, anafuta kibodi, anafuta mkono wake. Kama kuna barua aliyokuwa anaiandika, anaihifadhi. Muda wote huo boksi liko mezani, feni yake inanguruma, na chai inashuka taratibu kupitia matundu ya juu kuelekea mahali pasipofaa. Waya unachomolewa mwisho kabisa. Baada ya hapo, robo saa haijapita, nje pakionekana pamekauka, mtu yuleyule anaurudisha waya ukutani na kubonyeza kitufe. “Tuone.”

Hapo ndipo msiba ulipo. Dakika ya kwanza inadai haraka na siku zinazofuata zinadai subira, nasi tunazigeuza: tunakuwa wapole pale penye dharura, tunakuwa na pupa pale pa kungoja. Sidhani kama ni ujinga. Karatasi iliyolowa inaonekana, mazabodi iliyolowa haionekani, na mtu huhudumia anachokiona. Halafu hofu ikishatulia kidogo inataka jibu, na jibu la kompyuta liko kwenye kitufe.

Haraka ya dakika ya kwanza ina undani wake. Kama maji yamefika kwenye ekstensheni iliyolala sakafuni, usiiguse. Zima kwanza umeme wa nyumba kwenye meni swichi, maana volti 230 hazimtambui mwenye duka wala mteja. Kama pana UPS, na huku kwetu umeme ukatikavyo ofisi nyingi zinayo, kuchomoa waya wa ukutani ni kujidanganya: UPS inalia, na inaendelea kuilisha mashine kwa uaminifu wote. Unachomoa waya ulio nyuma ya boksi lenyewe. Na barua uliyokuwa unaandika iache ipotee. Ukurasa mmoja utaandikwa tena.

Kuizima kwa kitufe cha mbele hakutoshi. Boksi likiwa bado limechomekwa, pawa saplai huendelea kuipa mazabodi volti 5 ili ihisi kitufe kitakapobonyezwa. Ukishachomoa, kinabaki kibetri cha duara cha ukubwa wa sarafu, CR2032, chenye volti 3, kinachotunza saa. Volti 3 mkono wa mtu hauzisikii. Lakini kwenye njia za shaba nyembamba kuliko unywele, zilizolala sambamba na kufunikwa na utando wa chai, zinatosha. Shaba huyeyuka upande mmoja na kuhamia upande wa pili, ikaota vinyweleo vya metali mpaka vikagusana. Ule ukijani unaouona kwenye bodi iliyokaa na unyevu ndiyo shaba iliyokwisha kuoza. Chai ikimwagika Ijumaa jioni, mtu akachomoa waya, akafunga ofisi na kwenda zake, Jumatatu atakuta kazi ya kuoza imeanza bila ya kumngoja. Kungoja ninakokusifu mimi huanza baada ya kibetri kutoka.

Mashine hizi si nyingi huku. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na ofisi zake zimekua pamoja na umeme wa gridi, uliofika Songea mwaka 2018 kwa njia ya kutoka Makambako. Kabla ya hapo mkoa ulitegemea zaidi jenereta za dizeli, na kompyuta ilikuwa kitu cha kuwashwa kwa saa. Barabara ya lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imefupisha safari ya kumfuata fundi, ambayo zamani, wakati wa masika, ilikuwa safari ya kuagana na nyumbani. Hata hivyo katika duka la steshenari la mji huu sipiyu moja inaweza kubeba maombi ya mikopo ya wanafunzi, mihtasari ya vikao vya kikundi cha kuweka na kukopa, kadi za mwaliko wa harusi, barua za wavuvi kwa halmashauri na picha za pasipoti za nusu ya kata. Mwenye duka haandiki popote kwamba yeye ni mtunza nyaraka, lakini ndiye.

Na nchi yenyewe ina historia ya kuziona kompyuta kwa jicho la mashaka. Ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini, baada ya kuona fedha zikizama kwenye mitambo isiyoleta tija. Kizazi kizima kikasoma, kikaajiriwa na kuzeeka kwa taipureta. Waliolelewa na taipureta ukiwamwagia chai kwenye mashine yao waliigeuza juu chini, wakaifuta, wakatia mafuta, wakaendelea kupiga herufi. Nadhani sehemu ya pupa yetu imerithiwa kutoka huko: chombo kizuri kilikuwa kile kinachovumilia kujaribiwa hapohapo.

Fundi mzuri, akiletewa boksi lililolowa, haulizi kama linawaka. Anauliza ni kitu gani kilichomwagika, na je, limewashwa tangu hapo. Swali la pili analiuliza huku akimtazama mteja usoni. Kisha analilaza upande ule ambao maji yatatoka bila kupita kwenye bodi, anafungua kifuniko, anapiga picha kwa simu ili akumbuke kila waya unakwenda wapi, na anaanza kutoa: kibetri, ramu, kadi, feni, diski. Pawa saplai anaitoa nzima na kuiweka kando. Haifungui. Ndani yake mna kapasita zinazoweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata waya ukiwa umeshachomolewa, na pawa saplai ya mtumba si ghali kiasi cha kuwekewa roho rehani. Ikiwa imelowa ndani, hununuliwa nyingine.

Palipofikwa na chai panaoshwa. Hapa wengi hushtuka: mashine imelowa, nawe unailowesha tena? Naam. Sukari haiondoki kwa kukauka. Inayeyushwa kwa maji safi, na maji safi kwa maana hii yanauzwa kwenye maduka ya spea na vituo vya mafuta kwa jina la maji ya betri, mradi usome chupa vizuri usije ukanunua asidi. Mswaki laini, maji ya betri, kisha spiriti kali isiyo na rangi wala mafuta, ambayo huyafukuza maji kwenye vichochoro vya chini ya chipu na kupepea yenyewe. Moto na sigara vikae mbali. Kazi hii haina haraka na haina hadithi. Ni kusugua, kutazama kwa tochi, kusugua tena.

Baada ya hapo kuna mchele. Sijui ni nani aliyetuletea imani kwamba mchele hunyonya maji ya mitambo, lakini imeenea, na sisi tunaoshiriki ziwa na Kyela tumeipokea kwa moyo mkunjufu kwa kuwa mchele wetu ni mzuri. Ni mzuri wa kula. Mchele mkavu huvuta unyevu kidogo mno, na huacha vumbi na wanga kwenye soketi za ramu. Kinachokausha ni hewa inayotembea. Jambo hili wanawake wa ufukweni hawahitaji kufundishwa: dagaa wa Nyasa hukauka wakitandazwa, wakigeuzwa na kuachiwa upepo, na ukiwarundika kwenye gunia wakiwa na unyevu unajua harufu itakayofuata. Bodi inataka hivyohivyo: isimame wima kivulini, feni iipulizie kwa mbali, igeuzwe. Miezi ya mwera, kuanzia Mei, upepo mkavu wa kusini hufanya nusu ya kazi. Kati ya Desemba na Aprili, mvua zikiwa zimetanda, siku mbili hazitoshi, na fundi anayekuahidi kesho anakuahidi asichokijua.

Siku hizo za kungoja ndizo ngumu. Mwenye mashine hupita dukani asubuhi, akapita jioni.

“Fundi, jaribu tu kidogo.”

“Mama, hapo kwenye kidogo ndipo tunapoiua.”

“Mbona imekauka?”

“Imekauka huku juu.”

Hana cha kumwonyesha. Hili ndilo linalonishughulisha kuliko ufundi wenyewe. Fundi anayefanya kazi huonekana akifanya kazi, fundi anayengoja huonekana mvivu, na mteja hulipa kwa moyo mweupe kile alichokiona kikifanyika. Kwa hiyo soko lenyewe linamsukuma fundi aiwashe mapema. Nimesikia watu wakimsifu fundi wa mji fulani kwa sababu aliwasha kompyuta yao saa ileile. Ilidumu wiki tatu. Hawakuhusisha kifo chake na siku ile. Walisema ilikuwa imechoka.

Wenye subira ya namna nyingine wamewahi kupita kwenye maziwa yetu. Pale Liuli, kaskazini mwa Mbamba Bay, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya jiwe lake, meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo tarehe 13 Agosti 1914, ilipopigwa mizinga na Gwendolen ya Waingereza. Nahodha wake alikuwa hajapata habari kwamba vita vimeanza. Waingereza walirudi Mei 1915 kuimaliza. Bado haikuisha: baada ya vita ilitengenezwa, ikaelea tena ziwani kwa jina la King George V.

Lakini kisa kinachonijia mkononi nikiwa na bisibisi ni cha Ziwa Tanganyika. Meli Graf von Goetzen iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa maelfu ya makasha na kuunganishwa Kigoma. Tarehe 26 Julai 1916, adui akiwa karibu, mafundi wa Kijerumani walitakiwa kuizamisha. Kabla ya kuizamisha waliipaka injini grisi nzito. Hebu fikiria hali ile: jeshi linarudi nyuma, muda umekwisha, na watu wameinama kwenye chumba cha mashine wakipaka grisi chombo ambacho baada ya saa chache kitakuwa chini ya maji. Walijua adui wa chuma baada ya maji ni hewa na muda, wakafanya haraka mahali palipostahili haraka. Waingereza waliiinua mwaka 1924 wakakuta injini na boila bado zinafaa. Hawakuziwasha siku ile. Ilichukua miaka mitatu, mpaka Mei 1927, ndipo ilipoanza kazi kwa jina la Liemba, jina ambalo imeendelea kuitwa.

Miaka mitatu kwa meli, siku nne kwa sipiyu. Sioni kama tunaombwa mengi.

Kuna kitu kimoja ambacho sheria yake ni tofauti, nacho ni diski. Kompyuta ya mezani ina huruma ambayo kompyuta ya mapajani haina: viungo vyake viko mbalimbali, na kila kimoja kinaweza kufa peke yake. Mazabodi ikioza, diski inatolewa, inafungwa kwenye boksi jingine, na harusi, mikopo na mihtasari yote inafunguka. Kwa hiyo mtu anayelia kwamba kompyuta imekufa aulizwe kwanza anachokililia. Mara nyingi ni kile kidubwana cha gramu mia kadhaa, na mara nyingi hakikuguswa hata na tone.

Kikiguswa, hapo utaratibu unapinduka. Diski ya sahani ina tundu dogo la kupumulia, na watengenezaji huandika juu yake kwamba lisizibwe. Ndani, sahani huzunguka mara 7,200 kwa dakika katika mashine nyingi za mezani, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu. Tone lililoingia kwa tundu lile, likikauka, huacha mabaki ambayo kwa kichwa kile ni milima. Ndiyo maana wataalamu wa kurejesha data husema diski iliyozama isikaushwe wala isifunguliwe wala isiwashwe. Ifungwe kwenye mfuko usiopitisha hewa ikiwa na unyevu wake, ipelekwe hivyohivyo. Kazi hiyo hufanyika kwenye chumba kisicho na vumbi, kwa gharama inayoweza kuzidi bei ya kompyuta kadhaa za mtumba, na chumba cha namna hiyo hakipo Mbamba Bay wala Mbinga. Diski za kisasa zisizo na sahani zinaoshwa na kukaushwa kama bodi nyingine, na wanaozinunua sasa wanajifanyia hisani bila kujua.

Mtu ataniambia nakala ziwekwe mtandaoni, basi kikombe kimwagike kinavyotaka. Ni kweli, na wenye bando la kutosha wafanye hivyo. Lakini nimeona flashi zilizojaa nakala za miaka mingi zikiwa zimechomekwa daima kwenye sipiyu ileile, upande uleule wa kikombe.

Siku ya kuwasha ikifika, fundi anayejua kazi haunganishi kila kitu. Anafunga mazabodi mezani, juu ya kadibodi, ikiwa na prosesa na ramu moja tu. Anatumia pawa saplai ambayo ameshaijaribu kwingine. Anaweka kibetri kipya, maana cha zamani kina kutu. Anaunganisha skrini, anagusa pini mbili kwa ncha ya bisibisi, na kutoa mkono. Feni ikizunguka na maandishi meupe yakitokea kwenye weusi, bado hamwiti mama aliyekaa kwenye benchi nje. Anaiacha ikae imewaka muda mrefu bila diski, akipapasa chipu kwa mgongo wa kidole kuona ni ipi inayopata joto kuliko wenzake, akinusa. Anaizima. Anaongeza ramu ya pili, anaiwasha. Anaizima. Diski inafungwa mwisho, na hata hapo kitu cha kwanza anachokifanya ni kuhamisha mafaili yote kwenda diski nyingine, kabla mwenyewe hajaruhusiwa kukaa kwenye kiti na kuomba barua yake ichapwe.

Kuna bodi ambazo, pamoja na yote haya, hufa mwezi wa tatu. Chai ilikwisha kufika chini ya chipu ambapo mswaki haufiki. Fundi alimwambia mteja tangu mwanzo, akamwandikia hata kwenye risiti kwamba hakuna dhamana, na mteja ana nakala ya mafaili yake, na sasa wanapatana bei ya boksi jingine.